Jengo Limebadilika, Kengele Imebaki Ileile

Hotuba kwa wamiliki na wasimamizi wa majengo, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, ndugu wamiliki na wasimamizi wa majengo, maofisa wa zimamoto mlioungana nasi, mafundi wenzangu, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo wasimamizi wa majengo hawaachi kuniuliza: mfumo wetu wa tahadhari ya moto tuubadilishe lini? Anayeuliza mara nyingi hutarajia nimtajie idadi ya miaka, aandike, aondoke. Idadi hiyo ipo na nitaitaja, lakini sitaki tuanze nayo, kwa sababu nimekuta mifumo ambayo haijazeeka na haifai kabisa kwa majengo iliyofungwa, na nimekuta mingine mikongwe inayofanya kazi yake vizuri kwa kuwa ilitunzwa na jengo lenyewe halikuguswa. Kila mfumo ulibuniwa kwa ajili ya jengo fulani, lenye vyumba fulani, watu fulani na shughuli fulani. Siku jengo hilo linapoacha kuwa lile lililochorwa, mfumo unakuwa umepitwa na wakati, hata kama maboksi yake bado yana harufu ya upya. Hilo ndilo ninalotaka kuwashawishi leo, na mengine yote nitakayosema yanalizunguka.

Chukulieni jengo la ghorofa 6 la Kariakoo, la aina ambayo sote tunaijua. Lilichorwa liwe na maduka chini na makazi juu. Baada ya muda mwenye jengo akaona kwamba biashara inalipa kuliko makazi, basi ghorofa ya kwanza na ya pili zikageuzwa fremu, ya tatu ikawa stoo ya vitenge na viatu, na sebule iliyokuwa na kitambua moshi kimoja ikagawanywa kwa kuta za jipsamu ikawa vyumba vitatu. Kitambua moshi kikabaki katika kimojawapo. Vyumba viwili vingine havina kitu, na kuta zake zinafika hadi darini. Moto ukianza katika chumba cha pili, moshi utapanda, utatanda chini ya dari ya chumba hichohicho, utashuka taratibu hadi usawa wa kichwa cha mlango, utatafuta upenyo wa kutokea, na hapo tu ndipo utakapoanza safari ya kukifuata kitambua moshi kilichoko upande wa pili wa ukuta. Dakika zinazopotea katika safari hiyo ndizo zilezile tulizonunua tulipoufunga mfumo.

Sasa tazameni yanayotokea fundi wa matengenezo anapofika kwenye jengo hilo. Taa ya kijani inawaka kwenye paneli, yaani boksi kuu linaloongoza mfumo. Anavijaribu vitambua moshi vilivyopo kimoja baada ya kingine, vyote vinaitika, naye anaandika katika daftari kwamba mfumo ni mzima. Hakudanganya. Mfumo ni mzima kwa jengo ambalo halipo tena. Hakuna chombo ndani ya paneli kinachoweza kutambua kwamba mahali fulani pameongezwa ukuta. Anayeweza kulijua hilo ni mtu mwenye ramani ya zamani mkononi anayetembea chumba kwa chumba.

Wasanifu wengi wa Afrika Mashariki hufuata kiwango cha Uingereza cha BS 5839, na kiwango hicho kinatupa vipimo vinavyosaidia kuliona jambo hili. Chini ya dari bapa, hakuna sehemu inayotakiwa kuwa zaidi ya mita 7.5 kutoka kwenye kitambua moshi kilicho karibu nayo, na kwa kitambua joto umbali huo ni mita 5.3. Vipimo hivyo vina maana pale tu ambapo hakuna kizuizi katikati. Kiwango hichohicho kinasema kwamba kizigeu, au rafu ya kuhifadhia mizigo, ikiacha nafasi isiyozidi milimita 300 hadi darini ihesabiwe kuwa ni ukuta. Naomba wenye stoo mlitafakari hilo. Mpangaji anapopandisha marobota yake hadi karibu na dari, kwa macho ya mfumo wa tahadhari amejenga ukuta mpya, na hakuomba kibali cha mtu yeyote.

Kwa hiyo pendekezo langu la kwanza kwa wasimamizi ni la kiofisi zaidi kuliko la kiufundi. Jalada lolote la ukarabati linalopita mezani kwenu, liwe la kugawa vyumba, kushusha dari, kubadili matumizi ya ghorofa au kumpokea mpangaji mwenye bidhaa tofauti, liwe na karatasi moja inayoeleza mabadiliko hayo yanaufanyia nini mfumo wa tahadhari. Mpangaji wa ofisi akiondoka na akaingia muuza magodoro, huo si upangaji uleule. Chumba kilichokuwa cha makaratasi kikianza kutumika kuchajia betri za pikipiki za umeme, ambazo sasa zinaongezeka katika miji yetu, kasi ya moto unaoweza kuzuka humo na moshi wake havilingani hata kidogo na vile mchoraji alivyovifikiria.

Dalili ya pili inayoniambia kwamba mfumo unahitaji kuangaliwa upya siipati kwenye paneli bali kwa watu. Kengele inapolia saa nne asubuhi siku ya kazi, watu wanafanya nini? Katika majengo mengi wanatazamana, mmoja anasema "ni ile ile," wanaendelea na kazi, na mlinzi ambaye alikwisha kuonyeshwa kitufe cha kunyamazisha anakibonyeza bila kupanda hata ghorofa moja. Hali ikifika hapo, mfumo umekufa kwa namna iliyo mbaya kuliko kuharibika, kwa sababu kifaa kilichoharibika hutengenezwa, ilhali mazoea ya watu huchukua muda mrefu kuyarekebisha. Mara nyingine naikuta taa ya njano inawaka kwenye paneli, ishara kwamba zoni fulani, yaani sehemu mojawapo ya jengo inayolindwa na mfumo, imezimwa, na nikiuliza naambiwa ilikuwa inasumbua. Waliomo katika zoni hiyo hawana habari.

Hata hivyo, naomba hapa tuwe waangalifu, kwa sababu tahadhari za uongo ndizo zinazotumiwa mara nyingi kuuzia watu mfumo mpya ambao hawauhitaji. Kabla ya kutia sahihi, fungueni daftari la mfumo mwone ni kifaa kipi kinacholia, saa ngapi na katika mazingira gani. Ikiwa ni kile kilicho mlangoni mwa jiko, kinacholia kila asubuhi chapati zinapochomwa, tatizo ni aina ya kifaa na mahali kilipofungwa. Kiondoeni, wekeni kitambua joto, mambo yatatulia. Hoteli moja ya mwambao ilikuwa inasumbuliwa na kengele kila jioni ya Alhamisi, na ilipochunguzwa ikaonekana kwamba ndiyo saa ambayo vyumba vilikuwa vinafukizwa udi. Hapo jawabu lilikuwa kufunga vifaa vinavyopima moshi na joto kwa pamoja katika vyumba vichache na kuwafundisha wafanyakazi; paneli haikuwa na kosa lolote. Lakini daftari likionyesha kwamba tahadhari za uongo zinatoka kila upande wa jengo, leo ghorofa ya pili, kesho ya tano, bila sababu inayojirudia, basi vitambua moshi vyenyewe vimechoka, na hapo mazungumzo ya kubadilisha yana msingi.

Ningependa mwone kinachochoka ni nini. Kitambua moshi cha mwanga, ambacho ndicho kilichoenea zaidi sasa, kina chemba ndogo nyeusi ndani yake. Upande mmoja wa chemba kuna taa ndogo inayotoa mwanga usioonekana kwa macho, na upande mwingine kuna kipokezi, lakini viwili hivyo vimepangwa visitazamane. Hewa ikiwa safi, mwanga hupita zake na kipokezi hakioni kitu. Moshi ukiingia, chembechembe zake huutawanya mwanga, sehemu yake humfikia kipokezi, na tahadhari hutolewa. Ukikifungua kifaa kilichokaa miaka mingi kando ya barabara yenye vumbi, utakuta wavu wake wa nje umeshika ufumwele wa kijivu kama wa feni ya dari, na ndani ya chemba kuna tabaka jembamba la vumbi, wakati mwingine na sisimizi mkavu au uzi wa buibui. Vumbi lililotua humo nalo hutawanya mwanga, kwa hiyo kifaa huanza kukaribia kiwango cha tahadhari hata pasipo moshi. Upepo kidogo tu, au mdudu mmoja akipita, kinalia. Na wavu ukiziba kabisa hutokea kinyume chake, yaani moshi wa kweli unashindwa kuingia.

Mifumo ya kisasa hupima mabadiliko hayo siku hadi siku na kuijulisha paneli kwamba kifaa fulani kimechafuka na kinahitaji kusafishwa kabla hakijaanza kusumbua. Mifumo ya zamani haina uwezo huo. Kwake kifaa ni kizima hadi siku kitakapolia ovyo au kitakaposhindwa kulia. Kwa jengo lililoko kwenye vumbi jingi, au kwa hoteli ya ufukweni ambako hewa ya chumvi hugeuza miisho ya waya kuwa ya kijani, naiona tofauti hiyo kuwa sababu nzito ya kubadilisha kuliko umri peke yake. Na mnapokuwa mnaviangalia vifaa vyenu darini, tazameni pia kama havikupakwa rangi pamoja na dari, na kama kuna vilivyobaki na mifuko ya nailoni iliyofungwa wakati wa ukarabati kuzuia vumbi. Mifuko hiyo husahaulika mara nyingi kuliko mtu anavyoweza kudhani.

Sasa nizungumzie uwezo wa mfumo kusema moto uko wapi, na kwa hili nitawapeleka Ufaransa. Jioni ya tarehe 15 Aprili 2019, mnamo saa kumi na mbili na dakika ishirini, mfumo wa tahadhari wa kanisa kuu la Notre-Dame mjini Paris uliung'amua moto. Ulikuwa mfumo wa kisasa, na kwa upande wa kung'amua ulifanya kazi yake. Lakini ujumbe uliofika kwa mtu aliyekuwa zamu ulikuwa na msimbo wa herufi na tarakimu ambao haukumwambia wazi kwamba moto ulikuwa katika dari la kanisa lenyewe, lile lililojaa boriti za mwaloni za karne nyingi. Mlinzi akatumwa kwenye dari la jengo dogo la pembeni, akakuta hakuna kitu. Ilipita takribani nusu saa kabla moto wenyewe haujaonekana na wazimamoto hawajaitwa, na kabla ya saa mbili usiku mnara wa kati ulikwisha kuanguka. Watu walitoka salama, na hilo ni la kushukuru. Jengo liliponea chupuchupu.

Ninaisimulia habari hiyo kwa sababu sisi huwa tunadhani kwamba kubadilisha mfumo ni kubadilisha vifaa. Mifumo ya zamani ya zoni huwasha taa moja tu, tuseme "Zoni 3," na zoni hiyo yaweza kuwa ghorofa nzima yenye vyumba vingi vilivyofungwa, ambavyo mlinzi hana funguo zake. Mifumo mipya humpa kila kitambua moshi anwani yake, ikaweza kutaja chumba chenyewe. Huo ni ubora mkubwa, na kwa jengo lenye ghorofa nyingi au kwa hospitali yenye wodi zilizotawanyika ninashauri bila kusita kwamba mfumo wa zoni uachwe. Ila anwani hizo huandikwa na binadamu. Fundi akiandika "DET-L2-047" na akaishia hapo, mmelipia mfumo mpya mkabaki na tatizo la Paris. Paneli iseme "Ghorofa ya 2, stoo ya dawa, mkono wa kulia wa ngazi," kwa lugha anayoisoma mlinzi wa usiku, na chumba kikibadilishwa jina au matumizi, maandishi hayo nayo yabadilishwe siku hiyohiyo. Kigezo changu ni chepesi: mpeni mlinzi mgeni ujumbe uliotoka kwenye paneli, mwone kama anafika penyewe bila kumwuliza mtu.

Kuhusu betri nitasema kwa mkazo, maana kwetu umeme hukatika. Kiwango nilichokitaja kinataka kwa kawaida betri ziweze kuubeba mfumo kwa saa 24 baada ya umeme kukatika, na baada ya hapo zibaki na nguvu ya kuliza ving'ora vyote kwa dakika 30. Betri za risasi na asidi zilizofungwa, ambazo ndizo tunazozitumia, hupoteza uwezo wake haraka zaidi kwenye joto. Kanuni ya jumla inayokubalika ni kwamba kila nyuzi joto 10 za Selsiasi zinazozidi 25 huupunguza umri wake kwa karibu nusu. Sasa fikirini paneli zenu ziko wapi. Nyingi nimezikuta kwenye vyumba vidogo chini ya ngazi au karibu na jenereta, pasipo hewa, mahali ambapo mtu mwenyewe hawezi kukaa. Betri ambayo katika mazingira ya wastani ingedumu miaka minne hivi, humo haifiki mbali, na taa ya kijani ya paneli haitawaambia hilo, kwa sababu inachothibitisha ni kwamba umeme upo. Zimeni umeme wa paneli mbele ya fundi, uacheni mfumo ukae kwenye betri, kisha lizeni ving'ora. Na mfumo wenu ukiongezewa vifaa mwaka hadi mwaka bila mtu kupiga upya hesabu ya betri, hiyo nayo ni dalili kwamba umepita kipimo chake.

Ninaomba sasa uvumilivu wenu nikae kidogo kwenye mabweni na hosteli, kwa sababu huko ndiko roho yangu ilipo. Mabweni ya shule yaliyoungua mnayakumbuka: mwaka 1994 Shauritanga, Rombo. Mwaka 2001 Kyanguli, Machakos, nchini Kenya, ambako walikufa wavulana 67. Mwaka 2024 Endarasha, Nyeri, hukohuko Kenya, ambako walikufa watoto 21. Vyanzo vya mioto hiyo havifanani, na kengele peke yake isingeweza kuufungua mlango uliotiwa kufuli wala kuyang'oa madirisha yenye nondo. Lakini yote ilitokea usiku na kuwakuta watoto wamelala, na mtu aliyelala ana mahitaji ambayo mifumo mingi tuliyonayo haikubuniwa kuyatimiza.

Katika ofisi, king'ora kinatakiwa kusikika kwa kiasi cha desibeli 65 hivi. Kwenye chumba cha kulala, kiwango kinataka desibeli 75 kichwani mwa kitanda, mlango ukiwa umefungwa. Mlango wa kawaida hupunguza sauti kwa takribani desibeli 20, na mlango mzito wa kuzuia moto kwa takribani 30. Maana yake ni kwamba king'ora kilichoko kwenye ujia, ambacho ukisimama chini yake unaziba masikio, humfikia aliyelala ndani kama kelele ya mbali. Jengo lililokuwa ofisi likageuzwa hosteli ya wanafunzi bila kuongezewa ving'ora vyumbani lina mfumo usiofaa tangu siku ya kwanza mwanafunzi alipoingiza godoro lake, na haijalishi ulifungwa mwaka gani. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui: tafiti za usingizi zimeonyesha kwamba mlio mzito wa kiasi cha Hz 520 huwaamsha watoto, na watu waliopungukiwa na usikivu, vizuri zaidi kuliko ule mlio mwembamba wa Hz 3,100 hivi unaotolewa na vifaa vingi. Nchini Marekani kanuni ya NFPA 72 imekuwa ikitaka mlio huo mzito katika sehemu za kulala tangu mwaka 2014. Kwa hapa kwetu sioni sababu ya kungojea tulazimishwe. Shule inayonunua mfumo mpya leo iuombe mlio huo kwa maandishi, na kwa wanafunzi viziwi iombe taa za kumweka na vitetemeshi vya chini ya mto.

Nije sasa kwenye miaka niliyoahidi. Kanuni za Marekani zinataka vifaa vya moshi vya majumbani vibadilishwe vikifikisha miaka 10 tangu vilipotengenezwa, si tangu viliponunuliwa, na tarehe hiyo imechapwa mgongoni mwa kifaa. Kwa mifumo ya majengo makubwa, watengenezaji wengi hushauri vitambua moshi vibadilishwe katika umri unaokaribiana na huo, na mapema zaidi penye vumbi, mvuke au chumvi. Paneli na waya huweza kuishi muda mrefu kuliko hapo. Mimi huwaambia wateja kwamba mfumo ukifika mwaka wa nane waanze kutenga fedha, ili mwaka wa kumi usiwakute wakikopa au wakikubali chochote kilicho rahisi.

Linaloweza kuwaharakisha kabla ya umri huo ni spea. Vitambua moshi vyenye anwani huzungumza na paneli kwa lugha ya mtengenezaji wake, na kwa kawaida kifaa cha kampuni moja hakielewani na paneli ya kampuni nyingine. Mtengenezaji akitangaza kwamba ameacha kutengeneza aina fulani, jengo lenu limeanza kuhesabiwa siku, kwa sababu kila kifaa kitakachokufa kitahitaji kutafutwa mitaani, kimetumika na hakina historia. Mwulizeni mkandarasi wenu swali hilo kila mwaka na mtake jibu kwa barua. Jambo linaloniumiza zaidi ni la nywila. Nimekutana na majengo ambayo mfumo wake ni mzuri na bado una umri, lakini mkandarasi aliyeufunga aliondoka na nywila ya paneli na faili la mpangilio wake, kwa hiyo hakuna anayeweza kuongeza hata kifaa kimoja, na mwenye jengo analazimika kununua paneli mpya kwa kosa lisilo la paneli. Mkataba useme wazi kwamba nywila na faili ni mali ya mwenye jengo, na malipo ya mwisho yasitoke kabla havijakabidhiwa.

Mkiamua kubadilisha, si lazima kung'oa kila kitu. Waya za zamani zipimwe uthabiti wa ukinzani wake. Zikiwa ni za kustahimili moto na zimeshikiliwa kwa vibanio vya chuma, huenda zikafaa, na fedha hiyo ikaenda kwenye vifaa. Zikiwa ni waya za kawaida za plastiki zilizolazwa juu ya dari, msizirithi, kwa sababu moto ukizifikia zitakatika kabla ving'ora havijamaliza kazi. Kazi ifanyike ghorofa kwa ghorofa, mfumo wa zamani ukiendelea kulinda sehemu ambazo hazijaguswa, na kwa saa zote ambazo sehemu fulani haina kinga, awepo mtu anayepita humo kwa doria, ana simu, anajua namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na anajua kulielekeza gari hadi kwenye lango lililo wazi. Washirikisheni maofisa wa Jeshi tangu mchoro, maana chini ya Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 wao ndio wakaguzi wenu, na ni nafuu kusikia pingamizi lao kwenye karatasi kuliko kwenye ukuta uliokwisha kupakwa rangi.

Siku ya makabidhiano msiridhike na kuona kifaa kimoja kikipuliziwa moshi wa chupa. Takeni mfululizo wote utendeke: lifti zishuke chini na kufungua milango, feni za hewa zizime, milango iliyoshikiliwa kwa sumaku ijifunge, milango ya kadi iachie, na ujumbe wa paneli usomeke. Kisha pangeni jaribio moja la usiku kwenye hosteli au hoteli, kwa taarifa, mpime sauti vyumbani milango ikiwa imefungwa. Kuanzia hapo kibonyezo kimoja cha kuliza kengele kwa mkono kijaribiwe kila wiki, kila wiki kingine, na mkaguzi mwenye ujuzi aje angalau kila miezi sita.

Nimebakiza jambo moja linalohusu vifaa mtakavyovitoa. Baadhi ya vitambua moshi vya zamani ni vya aina ya ayoni, na ndani yake mna kiasi kidogo sana cha amerisiamu 241, ambayo ni elementi yenye mionzi. Kikiwa darini bila kufunguliwa hakimdhuru mtu, lakini hakitakiwi kuvunjwa, kuchomwa wala kutupwa dampo pamoja na kifusi, na vijana wanaookota vyuma chakavu wasikipate. Vikusanyeni, vihesabuni, vifungieni kwenye boksi moja, kisha wasilianeni na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania mpate maelekezo ya kuviondoa. Alama ya mionzi huwa imebandikwa mgongoni mwa kifaa. Nimekuja na kimoja ambacho hakijafunguliwa, kipo hapa mezani, na wasimamizi mnakaribishwa kuja kuitazama alama hiyo wakati tukipokea maswali.